Kabla ya usingizi wa mchana, mpeni mtoto kazi

Katika nyumba nyingi za mijini, mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miaka miwili anayegoma kulala mchana huitwa mtundu, na tiba yake kila mtu anaijua: akimbizwe mpaka achoke. Kaka zake humfukuza kuzunguka makochi, mjomba humrusha juu na kumdaka, muziki hufunguliwa kwa sauti ili acheze. Kisha ghafla hubebwa kitandani, pazia likavutwa, na watu wazima wakashangaa kuona macho bado yamekodoka na miguu inapiga ukuta. Hapo lawama huanza: mtoto huyu hana usingizi, mtoto huyu ana nguvu za ajabu. Ninaamini lawama hiyo imeelekezwa pasipo. Mtoto wa umri huu hachoki vizuri kwa kukimbizwa nusu saa ya mwisho. Anachoka vizuri kwa kazi: kubeba, kusukuma, kuchota, kumwaga, kupanda, kuinama na kuinuka, kutembea kwa miguu yake mwenyewe, nje penye mwanga, karibu na watu wenye shughuli zao. Na anahitaji asubuhi nzima kuifanya kazi hiyo, kisha muda wa kutulizwa kabla ya kulazwa. Kwa watoto wetu wengi wa mjini, kinachokosekana ni asubuhi hiyo.

Tuanze na namna usingizi wenyewe unavyokuja. Mwaka 1982 Alexander Borbély, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, alieleza kwamba usingizi wa binadamu unaongozwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni deni linalokua kila saa tunayokaa macho: ubongo unapofanya kazi hutumia nishati, na mabaki ya matumizi hayo, hasa adenosini, hujikusanya na kuuvuta mwili kwenye kulala. Ya pili ni saa ya ndani ya mwili, ambayo hupangwa zaidi na mwanga wa mchana na giza la usiku. Maelezo hayo yamerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini msingi wake bado unatumika katika utafiti wa usingizi. Kwa mtoto mdogo deni hilo hupanda haraka kuliko kwa mtu mzima, ndiyo maana hawezi kuimaliza siku bila kulala. Ukiyatazama mawili hayo kwa pamoja, unaona kwamba mzazi ana mambo machache tu mkononi mwake, lakini yana uzito: kumwacha mtoto akae macho muda unaomtosha, kuujaza muda huo shughuli zinazofanyisha kazi ubongo na mwili, na kumtoa nje mapema ili saa yake ya ndani ijue kuwa kumekucha. Kumrusha hewani saa sita na nusu mchana hakumo katika hayo.

Ipo pia sababu ya kimwili inayozifanya mbio za mwisho zisifae. Mwaka 2018 Sébastien Ratel wa Ufaransa na Anthony Blazevich wa Australia, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliowalinganisha wavulana wa miaka 8 hadi 12 na watu wazima wasiofanya mazoezi, na pia na wanariadha wa kiwango cha taifa katika michezo ya kustahimili, wote wakiendesha baiskeli za mazoezi kwa nguvu. Watoto wale walistahimili uchovu kwa kiwango cha kulingana na wanariadha, na baada ya zoezi walirudi katika hali ya kawaida upesi kuliko watu wazima wa kawaida. Katika baadhi ya vipimo waliwapita hata wanariadha. Ni watoto wakubwa kuliko tunaowazungumzia hapa, ila mlezi yeyote ameiona hali hiyo: anayehema sasa hivi, punde anataka tena. Tena mtoto huyu tayari anatembea sana. Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York waliwatazama watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa uhuru, na mwaka 2012 wakaripoti wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17 katika kila saa, mwendo wa kama mita 700. Mwili uliozoea kiasi hicho haumalizwi na nusu saa ya kufukuzwa sebuleni. Kinachobaki baada ya mbio hizo ni msisimko: moyo unadunda, vicheko havijakatika, na mwili umeambiwa kuwa kuna jambo kubwa linaendelea. Kumtaka alale wakati huo ni kumtaka afanye mambo mawili yanayopingana.

Kazi inafuata njia nyingine kabisa. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio rahisi ambalo lingepaswa kubadili namna tunavyomtazama mtoto wa miezi 18. Mtu mzima aliangusha kibanio cha nguo akajitahidi kukifikia asiweze, au alielekea kwenye kabati lililofungwa akiwa na mzigo mikono yote miwili. Kati ya watoto 24 waliokuwa mbele yake, 22 walimsaidia angalau mara moja, bila kuombwa wala kupewa zawadi, na mara nyingi ndani ya sekunde chache. Walezi wetu wanalijua jambo hili kwa macho yao, kwani mtoto anayejifunza kutembea ndiye anayeng'ang'ania mfagio na kuvuta beseni la vyombo. Kwa kawaida tunamwondoa. Tunampokonya mfagio, tunamkalisha mbele ya runinga ili kazi iende, halafu mchana tunatafuta namna ya kumchosha mtu ambaye asubuhi alikuja mwenyewe kuomba kazi.

Tazama asubuhi ya siku ya kufua ilivyojaa shughuli za kimo chake. Beseni tupu linaweza kusukumwa na mtoto wa miaka miwili kutoka chumbani hadi uani, na kwake hiyo ni safari yenye kona na kizingiti cha kuvuka. Nguo chafu anaweza kuzileta moja moja, akiinama na kuinuka kila mara. Akipewa kikarai chake chenye maji ya kufikia vifundo vya mikono na leso yake mwenyewe, atafua, ataikamua, ataitumbukiza tena, atakamua tena, na kukamua ni kazi ya viganja, mikono na mabega kwa pamoja. Wakati wa kuanika yeye ndiye mtoa vibanio. Wakati wa kuanua hubeba mashati yaliyokauka hadi kwenye mkeka. Penye miche ya mchicha au maua ya kwenye makopo pana umwagiliaji: kikombe kimoja cha plastiki, maji kutoka kwenye ndoo, hatua kumi kwenda na kumi kurudi, nusu ya maji ikimwagika njiani, na safari irudiwe mpaka mmea ulowe. Kwenda gengeni atembee. Kurudi abebe kitunguu kimoja au viazi viwili katika mfuko wake. Dumu la lita tano lenye maji kidogo ndani huvutika vizuri kwenye mchanga. Kifuu cha nazi na mchanga wenyewe humshughulisha mtoto saa nzima, tena bila gharama yoyote.

Jambo linalonivutia zaidi katika orodha hiyo ni kwamba mzigo humfundisha mtoto kupunguza mwendo. Mwenye mikono mitupu hukimbia. Mwenye kikombe cha maji hutembea, hutazama njia, hubana midomo, husimama maji yanapoyumba. Misuli yake mikubwa inafanya kazi, mizani ya mwili inafanya kazi, na umakini nao unafanya kazi, yote kwa wakati mmoja. Hapo uchovu unakuja pamoja na utulivu. Mchezo wa kufukuzana huleta uchovu kidogo na msisimko mwingi. Safari kumi za kumwagilia mchicha huleta uchovu mwingi na msisimko kidogo. Mtu anayetaka mtoto alale saa saba mchana hana sababu ya kuchagua ule wa kwanza, isipokuwa asubuhi mapema, wakati bado kuna saa nyingi za kutulia.

Wapo watakaokunja uso wakisoma neno kazi karibu na mtoto wa miaka miwili, na wana haki ya kuuliza. Nchi yetu, Tanzania, ina historia chungu ya watoto waliotumikishwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kazi ninayoizungumzia haihusiani na hilo, na tofauti yake inapimika. Kwanza, mtoto anaweza kuiacha wakati wowote na hakuna anayemgombeza. Pili, hakuna anayeyategemea matokeo yake. Leso aliyoifua itafuliwa tena, na mahali alipofagia patafagiwa tena. Tatu, uzito wa kitu anachobeba unaamuliwa na mwili wake: kile anachoweza kukiinua mwenyewe kutoka chini bila kusaidiwa. Pale moja ya hayo matatu linapovunjwa, shughuli imeacha kuwa ya mtoto na imekuwa ya mkubwa. Yakilindwa, kinachoonekana kama kazi kwetu ni mchezo kwake, na ni mchezo anaouthamini kuliko gari la plastiki kwa sababu anaona watu wa nyumbani wanaufanya kwa dhati.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu mwendo, kukaa na usingizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na sehemu moja yake inatugusa moja kwa moja. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anatakiwa apate angalau dakika 180 za mwendo wa aina mbalimbali zilizosambaa siku nzima, pamoja na saa 11 hadi 14 za usingizi ndani ya saa 24, ule wa mchana ukiwa umehesabiwa. Asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe ni kwenye kigari, kwenye kiti kirefu cha kulia, au mgongoni mwa mlezi. Kwa wa mwaka mmoja skrini haishauriwi kabisa; kwa wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Hilo la mgongoni linaweza kumuudhi msomaji aliyelelewa kwa mbeleko na kukua akiwa mzima, na ni kweli kwamba mbeleko ina joto, ulinzi na ukaribu ambao kigari hakina. Lakini mwongozo haukatazi mbeleko; unakataza saa nyingi za mfululizo. Wala mila zetu hazikuwa za kubeba tu. Mwaka 1976 Charles Super alichapisha utafiti wake kutoka Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya, akionyesha kwamba watoto wa huko waliwahi kukaa na kutembea kuliko wa Marekani. Hakulihusisha hilo na damu. Alieleza kwamba walezi waliwafundisha kwa makusudi, wakiwafanyisha mazoezi kila siku. Katika yale ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakuwa mbele. Mlezi wa Kokwet alimbeba mtoto na pia alimshusha amfanyishe mazoezi. Sisi wa mjini mara nyingi tumebakiza kumbeba, na mahali pa mazoezi tumeweka simu.

Pingamizi linalorudiwa sana ni la nafasi. Familia imepanga chumba kimoja, uani ni wa wapangaji sita, nje kuna bodaboda. Au wako ghorofa ya nne na mlango wa kibaraza umefungwa kwa usalama. Hali hizo ni za kweli na mawaidha ya kumpeleka mtoto bustanini hayamsaidii mtu ambaye mtaani kwake hakuna bustani. Ila kazi ya mtoto wa umri huu haidai uwanja. Ngazi za fleti ni chombo cha mazoezi kuliko vingi vinavyouzwa: mlezi akiwa hatua moja nyuma yake wakati wa kupanda na hatua moja mbele wakati wa kushuka, ghorofa mbili zinaweza kuchukua robo saa na kumtoa jasho. Godoro la ziada likishushwa sakafuni, na mito ikitandazwa, panakuwa mahali pa kupanda, kujiviringisha na kuanguka bila kuumia. Kutambaa chini ya meza akimfuata mwanasesere, kwenda kinyumenyume kama kaa, kuruka kama chura kutoka mkeka hadi mkeka, kusukuma kiti cha plastiki kilichopakiwa nguo kutoka ukuta huu hadi ule, hayo yote yanatosha katika mita tatu. Mduara wa ukuti, ambao watoto wa pwani wameuchezea vizazi na vizazi, unahitaji watu wawili tu walioshikana mikono ikiwa hakuna wengine. Kitu ambacho chumba hakiwezi kukitoa ni mwanga wa jua, na kwa hilo sina mbadala: kila siku, hata kwa nusu saa, mtoto atolewe nje asubuhi, hata kama ni kwenda dukani na kurudi.

Pingamizi zito zaidi ni la muda, na hapa napenda nizungumze kwa uangalifu kwa sababu mzigo wenyewe haugawanywi sawa. Katika nyumba nyingi mama ametoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, na anayekaa na mtoto ni dada wa kazi, ambaye pia amepewa kufua, kupika, kuosha vyombo na kupiga deki kabla ya saa saba. Kumwambia dada huyo amfundishe mtoto kumwagilia maua kikombe kwa kikombe ni kumwongezea kazi isiyohesabiwa. Mtoto akisaidia kufua, kufua kunachelewa, ni kweli. Jibu langu ni kwamba muda huo unapatikana upande wa pili. Mtoto aliyekaa asubuhi nzima mbele ya katuni humlia dada saa nzima ya mchana ya kumbembeleza, kumrudisha kitandani, na kumtuliza jioni akiwa analialia kwa kila kitu. Muda haupotei, unahamishwa. Lakini ili dada auhamishe, lazima mwenye nyumba amruhusu: amwambie wazi kwamba deki inaweza kungoja, kwamba kuwa nje na mtoto saa tatu asubuhi ni sehemu ya kazi anayolipwa, na kwamba nguo za mtoto zikiwa na tope saa sita, hakuna atakayeulizwa. Ni wengi wanaomtaka dada amlee mtoto vizuri na wakati huo huo wanapima siku yake kwa sakafu inavyong'aa. Anachagua kile anachoulizwa.

Kuhusu usalama sitarefusha, ila mambo matatu hayasubiri. La kwanza ni maji. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaokufa maji kwa kiwango cha juu kuliko umri mwingine wowote, na mtoto mdogo huzama kwenye ndoo ya nyumbani bila kupiga kelele. Kikarai cha kuchezea kiwe na maji kidogo, mkubwa awe umbali wa kumfikia kwa mkono, na mchezo ukiisha maji yamwagwe, yasiachwe. La pili ni joto. Mwezi wa Januari Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, saa za nje ni za mapema, kabla ya saa nne. Baada ya hapo kivulini, na maji ya kunywa yawe karibu. La tatu ni vitu vidogo: njugu, maharage, vifuniko vya chupa na betri bapa za saa hazina nafasi katika michezo ya mtoto anayeonja kila kitu.

Sasa kuna nusu saa ya mwisho, ambayo nyumba nyingi huiharibu baada ya kufanya vizuri asubuhi nzima. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili kwa kawaida huwa tayari kulala baada ya saa tano hadi sita za kuwa macho. Dalili zake hazifichiki: anafikicha macho, anapunguza maneno, anajikwaa pale asipojikwaa mwanzo, anataka kubebwa. Akicheleweshwa kupita hapo, mwili hujitetea kwa kuongeza nguvu, na mlezi hudhani kwamba bado hajachoka. Chungu kinachotokota huepuliwa kabla ya kupakuliwa, na mtoto naye ashushwe motoni kidogo kidogo: kazi za kusimama zigeuke za kukaa. Kuchambua mchicha jani kwa jani ni shughuli bora sana ya wakati huu, vivyo hivyo kupanga vijiko na vikombe vya plastiki, au kukunja leso akiwa kwenye mkeka. Kisha chakula, kuoga au kunawa miguu, kukojoa, chumba chenye giza kiasi, sauti moja ya kubembeleza, na mpangilio huo huo kesho yake. Simu isiwepo hapo hata kwa dakika mbili za kumlaza, kwani mwanga na picha zinazobadilika zinamwamsha yule tuliyemshusha kwa nusu saa.

Je, inafaa jitihada yote hii kwa usingizi wa saa moja na nusu? Ushahidi unasema ndiyo kwa umri huu. Mwaka 2012 Rebecca Berger, Monique LeBourgeois na wenzao walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 30 hadi 36 walionyimwa usingizi wa mchana siku moja tu: furaha yao mbele ya picha na mafumbo ya kupendeza ilipungua, na walipopewa fumbo lisiloweza kukamilishwa walionyesha hisia hasi zaidi. Mwaka uliofuata Rebecca Spencer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walionyesha kwamba watoto wa chekechea waliolala mchana walikumbuka vizuri zaidi mahali picha zilipokuwa katika mchezo wa asubuhi kuliko walipozuiwa kulala. Upo pia ushahidi wa kupima upande mwingine, nami sitaki kuuficha. Karen Thorpe na wenzake wa Australia walipopitia tafiti zilizokuwapo, mwaka 2015, waliona kwamba baada ya umri wa miaka miwili usingizi wa mchana unaambatana na kuchelewa kulala usiku. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu na nusu ambaye amecheza asubuhi yote, akalazwa, akakaa akiimba mwenyewe saa nzima bila kulala, huenda ameanza kuuacha. Wengi huuacha kati ya miaka 3 na 5. Huyo apumzike tu, asilazimishwe.

Mtu anaweza kusema pia kwamba bibi zetu hawakuwa na ratiba, mtoto alilala alipochoka, popote. Charles Super na Sara Harkness waliliandika hilo mwaka 1982 kuhusu Kokwet: mtoto mchanga alisinzia na kuamka kadiri siku ya mama yake ilivyokwenda. Sioni kasoro katika malezi hayo. Ila yalisimama juu ya nguzo ambazo mji umeziondoa: mgongo wa mtu ulikuwapo wakati wote, dada na shangazi walikuwa karibu, na kutwa ilipita nje ya nyumba. Mtoto aliyeko ndani tangu asubuhi, chini ya taa na mbele ya skrini, hana dalili yoyote ya nje inayoutaarifu mwili wake kuwa ni saa ngapi. Ratiba ya mlo, mwanga na kupumzika inajaza pengo hilo.

Kuna njia ya mkato ambayo lazima isemwe kwa jina. Baadhi ya walezi humpa mtoto dawa ya mafua au ya mzio ili alale, wakijua kwamba inaleta usingizi. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza prometazini, mojawapo ya dawa hizo, iwekewe onyo zito: isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji hadi kuua. Mzazi anayeona mtoto wake analala mchana kuliko kawaida, na kuamka akiwa mzito na mlegevu, aulize kwa upole lakini aulize. Na ulegevu wa ghafla wa mtoto ambaye jana alikuwa akisukuma beseni si ishara kwamba mazoezi yamefanya kazi. Katika nchi zenye malaria ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto anayekoroma sana na kuhangaika usingizini naye anahitaji daktari amwangalie pua na koo, kwani hakuna kazi ya asubuhi itakayotibu njia ya hewa iliyoziba.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja mapumziko na michezo katika ibara moja, ya 31. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inataka malezi bora tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na sehemu kubwa ya malezi hayo kwa watoto wa mjini sasa inafanyika katika vituo vya kulelea watoto mchana. Wazazi wanapokwenda kuchagua kituo huuliza ada, chakula, na kama watoto wanafundishwa Kiingereza. Waulize pia watoto wa miaka miwili hufanya nini kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Wauone uwanja, wahesabu watoto waliosimama na waliokaa, watazame kama kuna mchanga, maji, ngazi fupi, kitu cha kusukuma, na mtu mzima anayewaruhusu kuvigusa. Kisha waulize wanalala wapi, saa ngapi, na kitu gani hufanyika nusu saa kabla. Kituo kinachojibu swali la pili kwa urahisi na la kwanza kwa kusitasita kinastahili kuulizwa tena, na runinga iliyo ukutani ikiwa ndiyo jibu, mzazi ana haki ya kwenda kutafuta kwingine.